Udi, luti na koti la buluu: nguo za mpigaji katika tamasha la Renaissance

Swali: Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Houston, Texas. Napiga udi tangu ujana. Kikundi cha muziki wa kale kimeniita nipige nao wikiendi tatu za Oktoba kwenye tamasha la Renaissance, yaani sherehe ya kuigiza maisha ya Ulaya ya karne ya 15 na 16. Wanaigiza wapigaji wa Uingereza wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na wamenipa luti ya kujifunzia. Nguo nijitafutie mwenyewe. Nina dola 250, cherehani na wiki kumi. Picha za mtandaoni zinanichanganya: makola makubwa kama sahani, suruali zinazoshika mapaja, mabuti. Suruali ya kubana sivai. Na wakiniuliza Mwafrika anatafuta nini Uingereza ya miaka ile, niseme nini? Je, siwezi kubaki na udi wangu?

Jibu: Kabla hujanunua hata uzi, jua mambo mawili: mikononi umeshika ala gani, na bwana wako ni nani. Vazi la mpigaji wa karne ya 16 lilitokana na hayo mawili, na hata leo ukiyaruka utaishia na nguo nzuri ya dukani isiyokuruhusu kuinua mkono.

Nianze na udi. Luti ni mtoto wake. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu *al-ud*, na ala iliingia Ulaya hasa kupitia Hispania ya Waislamu. Tumbo lililobinuka la vibao vyembamba, kichwa kilichokunjwa nyuma, nyuzi zinazokwenda mbilimbili, vyote utavitambua. Lakini luti ina freti, yaani nyuzi za utumbo zilizofungwa kuzunguka shingo, na udi hauna. Tena risha uliyoizoea, kile kijiti cha kupigia nyuzi, iliachwa na wapiga luti wa Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 15, wakahamia vidoleni ili waweze kupiga sauti kadhaa kwa wakati mmoja. Mtumishi wa Kiingereza wa mwaka 1590 anayepiga udi kwa risha atawafumba macho watazamaji wengi, ila hatamfumba hata mmoja wa wenzako kikundini. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: ukishika luti, vaa Kiingereza, ukishika udi, vaa kama mtu aliyetoka nchi za udi. Usichanganye. Njia zote mbili nitazieleza, ila ya Kiingereza ndiyo nitakayoikalia, kwa kuwa ndiyo uliyoitiwa.

Wakikuuliza Mwafrika anafanya nini pale

Wajibu kwa jina: John Blanke. Alikuwa mpiga tarumbeta mweusi katika makasri ya wafalme wa Uingereza Henry VII na Henry VIII. Hesabu za kasri zinaonyesha alilipwa shilingi 20 kwa Novemba 1507, yaani peni 8 kwa siku. Amechorwa mara mbili katika hati ndefu ya kukunjwa ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511, akiwa juu ya farasi, amevaa sare ya njano na kijivu sawasawa na wapigaji wenzake. Tofauti iko kichwani: wenzake hawana kitu, yeye ana kilemba. Alipooa mwaka 1512, mfalme alimpa zawadi ya nguo: joho la kitambaa cha zambarau, kofia na kofia nyingine ya ukingo. Mpigaji kulipwa kwa nguo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Wageni kwa jumla walijaa katika muziki wa kasri la Uingereza. Ndugu wa ukoo wa Bassano walitoka Venice wakaajiriwa na Henry VIII karibu na mwaka 1540, na wazao wao waliendelea kupiga filimbi na kutengeneza ala huko London kwa vizazi. Huna haja ya kujitungia hadithi ya jahazi lililozama.

Bwana wako ni nani

Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu wapigaji wasio na bwana kuwa wazururaji. Aliyekamatwa aliweza kuchapwa viboko na kutobolewa sikio la kulia kwa chuma cha moto. Ndiyo maana mpigaji wa zama hizo alitaka aonekane ni wa nani. Mtumishi wa nyumba kubwa alivaa koti la buluu lenye nembo ya bwana wake kwenye mkono wa kushoto. Wapigaji walioajiriwa na mji, kama wale wa London, walikuwa na sare yao ya majoho ya buluu yenye mikono myekundu, na mkufu wa fedha shingoni.

Uliza kikundi chako kwa maandishi: sisi ni watumishi wa nani, mwaka gani, na je kuna mwongozo wa mavazi? Matamasha mengi yana mwongozo, na mavazi ya waigizaji hukaguliwa kabla ya siku ya kwanza. Kama hawana jibu, jichagulie mwaka 1590 na bwana wa kubuni. Usichukue ngao ya ukoo halisi. Chora kitu chepesi, tuseme ndege au jani, ndani ya duara la sentimita 8.

Utashangaa mbona picha ulizoziona zina maharamia, majini na watu wa Skandinavia. Matamasha haya yalianza Los Angeles mwaka 1963, na la Texas linaendelea tangu 1974. Mtazamaji anaruhusiwa avae apendalo. Wewe uko upande wa pili wa kamba, unapimwa kwa kipimo kingine.

Usinunue mahameli. Tangazo la mavazi la mwaka 1574 lilipanga nani avae nini: hariri ya zambarau iliwekewa jamaa ya malkia, na mahameli yalikuwa na ngazi zake. Polisi wa malkia hawatakukamata Texas, lakini jua litakukamata. Mahameli ya bei nafuu ni plastiki tupu. Nunua sufu nyepesi ya gramu 220 hadi 280 kwa mita ya mraba, na kitani. Ukikosa sufu nyepesi, kitani kizito kinatosha, kwani koti la kitani kigumu lilikuwa vazi la kweli la watu wa kawaida.

Shati: wewe tayari unalijua

Habari njema kwa mtu wa Unguja: shati la mwaka 1590 linakatwa kama kanzu. Ni mistatili mitupu. Lina badani, mikono, na kikwapa cha mraba kinachokupa nafasi ya kuinua mkono. Fundi yeyote wa kanzu angelikata bila kuuliza.

Kwa mtu wa kifua cha sentimita 100, nunua mita 2.5 za kitani cheupe chenye upana wa 150, cha gramu 140 hadi 160. Kifue kwa maji ya moto na ukikaushe *kabla* ya kukata, maana kitani kipya hurudi, na shati lililorudi baada ya kushonwa halina dawa. Kata badani moja ya sentimita 190 kwa 75, ikunjwe mabegani pasipo mshono. Mikono miwili ya 60 kwa 50. Vikwapa viwili vya 14 kwa 14. Kola ni mstatili wenye urefu wa mzunguko wa shingo ukiongeza 3, na upana wa 12 unaokunjwa mara mbili. Vikafu viwili, yaani mikanda ya mwisho wa mikono, vya 22 kwa 8. Mpasuo wa kifuani uwe sentimita 25, na pembeni chini acha wazi sentimita 20 kila upande ili uweze kukaa.

Mishono ya ndani ipite cherehani, hakuna anayeiona. Upindo wa kola, vikafu na mpasuo ushone kwa mkono. Ovaloki inayochungulia kwenye kola huonekana mbali kuliko unavyodhani.

Shona mawili. Kitani cha ndani ndicho kinachokunywa jasho na ndicho kinachofuliwa. Sufu ya juu haifuliwi, hupigwa upepo tu. Ukiwa na shati moja, Jumapili asubuhi utalivaa la jana.

Suruali isiyobana

Hapa wala huna haja ya kujadiliana na mtu. Zile za kubana mpaka juu ya paja ni mtindo mmoja tu, na wa vijana wa kasri zaidi. Kuanzia miaka ya 1570 na 1580 Waingereza walivaa suruali ya Kivenisi: pana kiunoni na mapajani, inapungua kuelekea chini, inafungwa chini kidogo ya goti. Kile kifuko cha mbele cha kuvimba, kilichosumbua macho ya wengi kwenye picha za Henry VIII, kilikuwa kinaachwa kufikia miaka ya 1580 na 1590. Weka flapu ya kawaida yenye vifungo na uhesabu umemaliza.

Kata kwa kutumia suruali ya pajama kama kiolezo. Ikate sentimita 12 chini ya goti, ongeza sentimita 15 kwenye upana wa kila paja, kusanya marinda ya juu kwenye ukanda wa kiuno, na ya chini kwenye ukanda mwembamba wenye kifungo. Mita 1.5 inatosha. Kipimo cha mwisho usikifanye umesimama. Kaa kwenye kigoda, weka mguu wa kushoto juu ya wa kulia, pakata luti, uiname. Mshono wa katikati ukivuta, ongeza urefu nyuma kabla hujafunga kiuno.

Soksi ndefu za sufu au pamba, rangi moja, bila michirizi. Chini ya goti funga utepe wa upana wa sentimita 3 na urefu wa mita 1. Ukiufunga juu ya goti utakushuka kila hatua kumi.

Koti fupi, yaani dableti

Hili ndilo kazi, na ndipo wapiga luti wengi wanapoharibu. Dableti ni koti fupi linaloshika mwili, linaishia kiunoni, na ndani ya kiuno chake ndiko suruali inakofungiwa kwa vigwe. Hapakuwa na mkanda wa kushikilia suruali. Kwa utaratibu kamili, koti la buluu la mtumishi huvaliwa juu ya dableti. Houston mwezi wa Oktoba tabaka hilo la tatu litakulaza chini, kwa hiyo shona dableti yenyewe ya buluu, nembo ikae kwenye mkono wake wa kushoto. Ni mkato wa njia, na ni mkato unaokubalika.

Kwanza jaribio la shuka kuukuu. Chukua urefu wa mgongo, kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, ukiwa *umekaa na kuinamia luti*. Utakuta umezidi ule wa kusimama. Tumia huo wa kukaa. Koti lililopimwa kwa kusimama tu hupanda mgongoni wimbo wa kwanza ukianza, vigwe vya nyuma vinavutwa, na shati linachomoza kama mkia.

Tabaka ni tatu: sufu nje, kitani kigumu katikati, bitana ya kitani laini ndani. Bitana ya poliesta itakuwa umejitia ndani ya mfuko wa nailoni.

Sasa vifungo. Mgongo wa luti ni vibao vyenye unene wa kama milimita 1.5, na unakaa moja kwa moja juu ya kifua na tumbo lako. Vifungo vya chuma kumi na tano vilivyopangwa katikati ya kifua vitauchora mistari siku ya kwanza. Na luti si yako. Una njia mbili. Ya kwanza, funga mbele kwa kulabu na vijicho vilivyofichwa ndani. Ya pili, ambayo napendelea, tengeneza vifungo vya kitambaa: kata duara la sentimita 4 la sufu ileile, pitisha uzi ukingoni, kusanya, jaza vipande vya masalio, kaza, shonea. Vifungo 14 hadi 16, umbali wa sentimita 2.5 kati yao. Vya namna hiyo vilitumika kweli, na havikwaruzi. Mkanda wa kiunoni uwe wa nguo au ngozi nyembamba na bizimu yake ipelekwe ubavuni kulia. Mkoba utundike nyuma ya nyonga ya kushoto, mbali na luti.

Mikono isishonwe moja kwa moja kwenye bega. Ifunge juu kwa vigwe vitatu kila upande, kwapa libaki wazi, shati lionekane. Unapata hewa, na mkono wa kulia unaweza kuzunguka juu ya ukingo wa luti bila kuburuta koti zima. Acha mkono wa kulia uwe mwembamba kuanzia kiwiko. Kikafu cha shati kisizidi rinda la sentimita 2, la sivyo kitagusa nyuzi na kila noti itakuwa na mkwaruzo wake.

Vitundu vya vigwe vihesabu mapema. Kiunoni vigwe 8, kila kimoja kinapita vitundu viwili vya dableti na viwili vya suruali: 32. Mabegani vigwe 6 kwa hesabu hiyohiyo: 24. Jumla 56. Ukitumia dakika tano kwa kila kimoja ni karibu saa tano za kazi, kwa hiyo usiviachie usiku wa kuamkia tamasha. Toboa kwa msharasi, ukipanua nyuzi za kitambaa badala ya kuzikata, kisha zungushia mshono wa uzi mnene. Tundu lililokatwa kwa mkasi hupasuka likivutwa. Vile vijipete vya shaba vya kugongwa kwa nyundo ni vya karne ya 19. Vitafute kwenye turubai la lori. Ukitaka nguvu yake, weka ringi ndogo ya chuma ya milimita 8 juu ya tundu na uishonee kabisa mpaka isionekane.

Kwa vigwe vyenyewe, kamba bapa za viatu za pamba zinafaa. Kata za sentimita 45, toa ncha za plastiki, bana ncha za bati. Ukiketi kupiga kwa muda mrefu, fungua vigwe viwili vya nyuma. Suruali haitaanguka, na mgongo utapumua.

Shingo, kichwa, miguu

Kola ya marinda ya upana wa sahani ni ya picha za wakubwa. Mpiga luti lazima aone mkono wake wa kushoto. Kola ya sentimita 15 inauficha kabisa, na ukiinamisha kidevu unaiponda. Tumia kola bapa ya kitani inayolala juu ya dableti, au marinda madogo yasiyozidi sentimita 4. Kwa mpiga filimbi au tarumbeta hata hayo madogo yanasumbua, maana shingo inafutuka.

Kofia ni lazima, na kwa kweli iliwahi kuwa lazima kisheria. Mwaka 1571 bunge liliamuru kila mtu wa zaidi ya miaka 6, isipokuwa wenye vyeo na wachache wengine, avae Jumapili na sikukuu kofia ya sufu iliyofumwa Uingereza, la sivyo atozwe shilingi 3 na peni 4. Shabaha ilikuwa kuwalinda wafumaji wa kofia. Sheria ilifutwa 1597. Ile bapa unayoiona kwenye picha ndiyo hiyo. Kutoka kwenye masalio ya sufu, kata duara la kipenyo cha sentimita 36 kwa ajili ya kichwa, kusanya ukingo wake ufike mzunguko wa kichwa chako ukiongeza 2. Ukingo wa kofia ni pete: kwa kichwa cha sentimita 58 nusu kipenyo cha ndani ni kama 9.2, cha nje 15. Kata pete mbili za sufu na moja ya kitani kigumu cha katikati, shona. Haikingi jua la machoni vizuri, hilo ukubali, na miwani ya jua iache garini.

Viatu: vya ngozi, vyeusi au vya kahawia, soli bapa, ncha ya mviringo. Visigino vilianza kuonekana miaka ya 1590 kwa wenye nacho, hivyo wewe huvihitaji. Viatu vya mtumba vya kuvaa bila kamba vinageuzwa kwa kuongeza ulimi na vigwe viwili juu ya mguu. Soli nyembamba ya mpira ivumilie. Uwanja wa tamasha ukipata mvua, soli ya ngozi ni kama barafu. Mabuti marefu ni ya mpanda farasi, na luti haipigwi juu ya farasi.

Fedha zako zigawe hivi, bei zikiwa za makisio: kitani cha mashati mawili dola 65, mita 3.5 za sufu ya dableti, suruali na kofia 80, ukisubiri punguzo. Bitana na kitani kigumu 25. Jozi mbili za soksi 20. Viatu vya mtumba 25. Uzi, kulabu, kamba na ringi 20. Ni 235. Dola 15 zilizobaki nunua kipande cha ngozi laini, ile ya kufutia magari, ukiweke pajani chini ya luti. Sufu inateleza juu ya mgongo uliopigwa vanishi, na mpigaji anayeshika ala kwa mkono wa kushoto ili isidondoke hawezi kupiga kitu cha maana.

Kama utabaki na udi

Muulize kiongozi wa kikundi kama yuko tayari, kwa sababu ipo nafasi halali. Mwaka 1600 sultani wa Morocco, Ahmad al-Mansur, alimtuma balozi wake Abd el-Ouahed ben Messaoud kwa Malkia Elizabeth. Alifika na msafara wake, wakakaa London miezi kadhaa, na picha yake ya mwaka huo ipo mpaka leo: kilemba cheupe, vazi jeupe, joho jeusi juu yake, upanga ubavuni. Mpiga udi katika msafara ni jambo la kubuni, lakini limebuniwa juu ya tukio la kweli. Fikiria pia joto: vazi jeupe la kitani na kilemba ndiyo nguo ya busara zaidi katika uwanja mzima.

Shona vazi refu la kitani cheupe lisilo na darizi, mikono iwe myembamba kuanzia kiwiko, maana mikono mipana ya jalabia hunasa risha. Juu yake joho la sufu nyepesi nyeusi au ya kahawia, lililo wazi mbele, utakalolivua ukianza kupiga. Kilemba ni mita 5 za melimeli au pamba nyepesi yenye upana wa 80 au 90. Upanga mwachie balozi.

Kanzu yako ya Unguja iache nyumbani, pamoja na kofia ya viua na tarbushi. Ni nguo za heshima, ila tarbushi la wapiga taarabu ni sura ya karne ya 19 na 20, na darizi ya cherehani shingoni itakusuta. Halikadhalika usitumie joho la bushti lenye uzi wa dhahabu. Hilo utaonekana bwana harusi.

Ipo na njia ya tatu, ambayo naitaja kwa kuwa ni ya kwetu. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, waandishi wa safari yake walieleza mfalme aliyevaa joho la hariri ya damaski lenye ukingo wa atlasi ya kijani, kilemba cha thamani kichwani, na wapigaji waliopuliza siwa mbili za pembe ya ndovu, zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu, za kupulizwa kwa tundu la ubavuni. Hao ni wapigaji wa Renaissance kama walivyokuwa wa London. Tatizo ni kwamba kikundi chako kinaigiza Uingereza, na siwa haipigi nyimbo za luti. Kama siku moja tamasha litatoa nafasi ya bandari za Bahari ya Hindi, hapo rudi kwenye maelezo hayo.

Wiki kumi zitumike hivi

Wiki ya kwanza na ya pili mashati. Ya tatu suruali. Ya nne jaribio la shuka kwa dableti, na ulivae jioni mbili mfululizo ukifanya mazoezi ya luti. Pale linapokukata ndipo pa kurekebisha. Ya tano hadi ya saba dableti yenyewe na mikono. Ya nane vitundu na vigwe. Ya tisa kofia, nembo, viatu.

Ya kumi vaa kila kitu, soksi mpaka kofia, utoke nje saa saba mchana, kaa kwenye kigoda upige dakika 40 bila kusimama. Angalia mambo manne: kama shati limechomoka nyuma, kama kikafu cha kulia kimegusa nyuzi, kama luti imeteleza, na kama kwapa limekukata. Kisha simama ujaribu kuinama kama unavyomsalimu malkia. Kama vigwe vya nyuma vimeng'oka, ongeza urefu wa vigwe hivyo sentimita 5 kabla ya kufikiria kufumua mshono.

Na luti usiiache garini hata kwa dakika kumi za kwenda kubadilisha nguo. Ala nyingi za namna hii zimeshikwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwa joto linalofikiwa kirahisi ndani ya gari lililoegeshwa juani Texas. Kama nyuzi zake ni za utumbo, omba wabadilishe ziwe za nailoni kwa wikiendi hizo, kwani unyevu wa Houston utakufanya uishie kukaza vigingi huku wenzako wakipiga.